Kocha anataka neno la binti yangu kabla ya Jumapili usiku

Baba Furaha (Des Moines, Iowa)

Ndugu zangu, naomba ushauri wa watu waliokwisha kupita njia hii. Binti yangu Furaha yuko mwaka wa mwisho wa sekondari na anacheza mpira wa kikapu. Juma lililopita chuo kimoja cha Daraja la Kwanza, yaani ngazi ya juu ya michezo ya vyuo hapa Marekani, kilitualika, yeye na sisi wazazi wake, kwa ziara rasmi ya siku mbili. Walimvisha jezi yenye jina letu mgongoni, wakampiga picha chini ya taa kali, wakatukirimu vizuri. Asubuhi ya kuondoka kocha mkuu alituita ofisini, akafunga mlango, akatuonyesha ubao mweupe wenye vibandiko 15 vya sumaku, kila kimoja na jina la mchezaji. Kimoja cha chini kilikuwa hakijaandikwa kitu. Alikigusa kwa kidole, akasema kwamba nafasi hiyo ni ya Furaha, lakini yuko msichana mwingine anayeitaka, kwa hiyo anahitaji jibu kabla ya Jumapili usiku. Nilipouliza tutatia saini wapi, alijibu kwamba kwa sasa hahitaji saini, anahitaji neno letu tu.

Hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu sisi tumelelewa kwamba ahadi ni deni. Kuna chuo kingine kimemwalika mwishoni mwa mwezi huu wa Septemba, na Furaha anakitamani kwa sababu ya masomo ya uuguzi. Nikitoa neno Jumapili kisha nikampeleka huko, nitakuwa nimemdanganya mtu aliyetukaribisha mezani kwake. Nisipolitoa, huenda mwanangu akakosa ufadhili wa masomo ambayo mimi sina uwezo wa kuyalipia. Mama yake hataki kulizungumza. Furaha mwenyewe analala na simu mkononi, maana kocha msaidizi humwandikia kila baada ya saa chache kumuuliza kama ameshaamua. Je, neno la namna hii linatufunga?

Binti wa Kisauni

Shikamoo, Baba Furaha. Nimesoma ulivyoeleza ule ubao nikajiona mwenyewe, ingawa mimi sikuonyeshwa ubao. Nilikuwa na miaka 17, niko katika chumba cha hoteli na mama yangu, na kocha msaidizi alikuwa amenipa muda hadi kifungua kinywa. Nilisema ndiyo huku chai ikipoa mbele yangu. Kwa kuwa nilikuwa nimetoa neno, niliacha kupokea simu za vyuo vingine viwili vilivyokuwa vikinitafuta, nikaona hiyo ndiyo adabu. Msimu ulipokwisha kocha mkuu aliondoka akaenda kufundisha kwingine, na aliyemrithi alinipigia simu ya dakika nne kuniambia kwamba anatafuta wachezaji warefu zaidi. Hakukuwa na karatasi yoyote ya kumwonyesha. Vile vyuo viwili vilikuwa vimekwisha kujaza nafasi zao, nami nikaanzia chuo cha miaka miwili.

Sikuambii haya ili nikuogopeshe, kwani hatimaye nilisoma na nikamaliza. Ninachotaka ukijue ni kwamba kilichoniumiza hakikuwa kukosa nafasi, bali ni kugundua kwamba katika chumba kile ni mimi peke yangu niliyeahidi.

Mwalimu wa zamu (Minneapolis)

Baba Furaha, mimi ni kocha msaidizi katika shule ya sekondari na kila mwaka huketi na wazazi wenye swali kama lako. Kwa mujibu wa kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo hapa Marekani, ahadi ya mdomo haimfungi mchezaji wala haikifungi chuo. Kocha aliyepokea neno la Furaha leo anaweza kesho kumwalika msichana mwingine wa nafasi ileile, na hatakuwa amevunja kanuni yoyote. Kinachofunga ni mkataba wa ufadhili uliotiwa saini. Zamani kulikuwa na barua maalumu ya kujifunga na chuo, iliyotumika tangu mwaka 1964, lakini ilifutwa Oktoba 2024 na kazi yake sasa inafanywa na mkataba huo wa ufadhili. Kwa mpira wa kikapu, saini huanza kupokelewa katikati ya Novemba, na mchezaji akishasaini, vyuo vingine hutakiwa kuacha kumshawishi.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba kuanzia tarehe 1 Agosti ya mwaka wa mwisho wa sekondari, chuo kinaruhusiwa kutoa ofa ya ufadhili kwa maandishi, hata kama saini itasubiri Novemba. Agosti imekwisha kupita. Kwa hiyo mpigie kocha simu wewe mwenyewe, kwa heshima, umwombe ofa hiyo kwa maandishi kabla ya Jumapili. Jibu lake litakueleza mengi kuliko ziara nzima.

Nisiwe mkali kwake kupita kiasi, kwa maana hofu yake ni ya kweli. Tangu mwaka 2021 mchezaji anaweza kuhama chuo bila kukaa nje msimu mzima kama ilivyokuwa zamani, na tangu Aprili 2024 anaweza kuhama zaidi ya mara moja mradi masomo yake yako sawa. Makocha hujikuta wamepoteza nusu ya kikosi katika majira ya kuchipua, wakajaza nafasi kwa wachezaji wa miaka 21 ambao tayari wana uzoefu, na nafasi zinazobaki kwa watoto wa sekondari zimepungua. Haraka yake imetokana na hesabu ya ubao wake, na Furaha asiichukue kuwa kipimo cha thamani yake.

Muulize pia kama ufadhili ni kamili, kwa sababu vyuo vilivyokubali utaratibu mpya wa kuwalipa wachezaji ulioanza Julai 2025 vina kikomo cha wachezaji 15 na vinaweza kuugawa ufadhili vipandevipande. Uliza ni wa mwaka mmojammoja au wa miaka minne, na akiumia goti itakuwaje. Na kwa kuwa anataka uuguzi, hilo ningelitanguliza: wanafunzi wa uuguzi hupangiwa zamu za mafunzo hospitalini, mara nyingi saa zilezile za mazoezi, na zipo timu ambazo mchezaji hushauriwa kimyakimya abadili kozi. Omba kuzungumza na mtu wa kitivo cha uuguzi, si na kocha.

Kuhusu deni, ndugu yangu, deni huwa na pande mbili. Huyu anataka kuwa mdai ilhali yeye mwenyewe hajakopesha kitu. Neno utakalopaswa kulilinda ni lile ambalo Furaha atalitoa akiwa na karatasi mbele yake na usingizi wa kutosha.

Mwana wa Katanga

Naongeza moja kwa ajili ya wenye watoto wanaokuja kutoka nyumbani kwa viza ya mwanafunzi. Wao husukumwa zaidi, kwa kuambiwa kwamba viza itachelewa wasipojibu leo, na pia huahidiwa fedha za matangazo ambazo masharti ya viza hiyo yanawazuia kuzifanyia kazi hapa Marekani. Oscar Tshiebwe wetu wa Lubumbashi alikuwa mchezaji bora wa mpira wa kikapu wa vyuo wa mwaka 2022 akiwa Chuo Kikuu cha Kentucky, na bado alibanwa na masharti hayo. Ahadi ya fedha isiwe sababu ya kusema ndiyo usiku mmoja.

Baba Furaha

Asanteni sana, na binti yangu wa Kisauni, pole kwa yaliyokupata. Nilimpigia kocha Ijumaa. Alisema karatasi itafuata baada ya neno, na nilipouliza kuhusu uuguzi alijibu kwamba hilo wataliangalia. Jumapili Furaha alichukua simu mwenyewe, akamwambia kwamba anashukuru lakini hawezi kujibu kabla ya kuona chuo cha pili. Jumanne yule msichana mwingine aliweka picha mtandaoni akiwa na jezi ileile, chini ya taa zilezile. Furaha alilia hadi usiku wa manane, na mama yake ndiye aliyekaa naye.

Jumamosi hii tunaondoka alfajiri kwa gari. Ameandika maswali yake katika daftari, na la kwanza linauliza zamu za hospitali huangukia siku gani.