Karatasi za kutengeneza kwa mkono Dodoma: maji yanaisha haraka na karatasi zinajikunja

KikundiDom: Wakuu, tunarejeleza karatasi za ofisini, A4 nyingi na maboksi kidogo, kutengeneza kadi na bahasha. Vifaa ni blenda, beseni na fremu za wavu. Maji ya madumu yanaisha haraka, yakikaa siku chache yananuka, na karatasi tukizianika zinajikunja na kupasuka kingo. Turekebishe wapi?

Mchekechaji: Mkuu, kinachomaliza maji ni kumwaga na kuanika bila kukamua. Uji wa karatasi wa asilimia 2 ni kilo moja ya karatasi kavu kwa lita 50 hivi. Ikianikwa bila kukamuliwa, kilo hiyo inaondoka na lita 4 hivi. Ikikamuliwa kwa jeki ya gari kati ya mbao mbili nene, inabaki na lita moja na nusu. Mengine yote yarudi kazini: yakusanye kwenye pipa, yatulie usiku, asubuhi chota ya juu uloweke karatasi nyingine. Tope jeupe la chini ni nyuzi fupi na chokaa ya A4. Lirudishe kidogo kidogo, likizidi karatasi inakatika kama biskuti.

Harufu nahisi ni wanga. Kama mnautia kwenye beseni, acheni, ndio chakula cha bakteria. Pikeni gundi nyepesi ya wanga wa muhogo, mpake kwa brashi karatasi ikishakauka.

Kujikunja ni upepo wa kiangazi: upande wa juu unasinyaa kabla ya wa chini. Anikeni kivulini zikiwa zimeshika kwenye kitambaa, zikibaki na unyevu kidogo zibandueni, mzipange chini ya uzito.

Mdau_Miyuji: Tieni na shabu, inakaza karatasi na kutuliza maji.

NyuziNdefu: Shabu hapana, mkuu. A4 za siku hizi zina kalsiamu kaboneti, ndiyo hiyo chokaa. Ikikutana na shabu, ambayo ni tindikali, inatoa povu na karatasi inajaa vitundu.

Kupasuka ni nyuzi fupi. Changanyeni sehemu moja ya boksi zito la kahawia kwa mbili za A4, boksi lilowekwe usiku kucha. Kwenye blenda sekunde 20 hadi 30 zinatosha. Pima hivi: kijiko cha uji kwenye glasi ya maji, tikisa, tazama kwenye mwanga. Ukiona mabonge, saga tena kidogo. Ukiona weupe wa maziwa bila nyuzi, umesaga kupita kiasi.

Halafu toeni risiti za EFD, zile za mashine za kodi za madukani. Kwaruza kwa ukucha, mstari mweusi ukitokea weka pembeni. Nyingi zina bisfenoli, kemikali ya karatasi za kuchapwa kwa joto, nayo itabaki kwenye maji mnayoyazungusha.

KikundiDom: Asanteni sana. Na maji yakichoka kabisa tuyamwage wapi?

Mchekechaji: Chujeni kwa kitambaa kizito, mwagilieni miti ya kivuli. Mchicha msiuguse.