Fungu la kumi la dagaa: kabla ya mafuta au baada ya mafuta?

Mwenye Mtumbwi, Igombe

Wakuu, salaam. Nina mtumbwi wa dagaa huku Igombe, Mwanza. Jumapili iliyopita mchungaji wetu alirudi tena kwenye Malaki 3:10, "Leteni zaka kamili ghalani", ila safari hii akaingia mpaka kwenye hesabu: fungu la kumi linatoka kwenye mauzo, siyo kwenye kinachobaki. Nilimfuata nje baada ya ibada nikamuuliza habari ya mafuta. Akanijibu, "Mungu hanywi petroli." Watu wakacheka. Mimi nilishindwa kucheka.

Chukueni usiku mmoja mzuri wa giza. Nimeuza 900,000. Petroli, taa, chakula cha vijana na kushona nyavu, 400,000 imekwenda. Inabaki 500,000, tunakata katikati: 250,000 ya tajiri, yaani mimi, na 250,000 ya mabaharia watano, kila mmoja 50,000. Kwa hesabu ya mchungaji natoa 90,000. Kwa hesabu yangu, 25,000. Na huo ni usiku mzuri. Kuna siku mnarudi na ndoo mbili, na mbalamwezi ikishawaka dagaa hawaifuati taa, ni kulala nyumbani.

Basi nimekaa na Biblia wiki nzima. Walawi 27:30-32 inataja zaka ya mbegu za nchi, matunda ya miti, ng'ombe na kondoo. Samaki hakuna. Na siyo kwamba samaki walisahaulika: Walawi 11 inawachambua kwa mapezi na magamba, ndiyo maana Wasabato wa huku kambale hawamgusi. Kilichonishangaza zaidi ni Nehemia 13. Mstari wa 12 watu wanaleta zaka ya nafaka, divai na mafuta. Mstari wa 16 watu wa Tiro wanauza samaki mle mle Yerusalemu. Sura moja, na hakuna anayewadai wauza samaki zaka. Wanagombezwa kwa kuuza siku ya Sabato tu.

Halafu Kumbukumbu la Torati 14:22-26. Hapo mwenye zaka anaila yeye na nyumba yake mbele za Bwana, na kama safari ni ndefu anaiuza, anakwenda na fedha, ananunua ng'ombe, kondoo, divai, hata kileo. Hii sijawahi kuisikia madhabahuni, na nimeokoka miaka 19.

Sikatai kutoa. Nauliza Biblia inasemaje. Leteni hoja, laana bakini nazo.

Mtumishi, Nyasaka

Ndugu yangu, hoja ya samaki ni ya mtu anayetafuta mlango wa nyuma. Kwa hesabu hiyo mwalimu, fundi na dereva wa hiace nao hawadaiwi, kwa kuwa chaki na spana hazimo kwenye Walawi. Ibrahimu alimpa Melkizedeki sehemu ya kumi ya nyara za vita, Mwanzo 14:20. Nyara zinaota shambani? Na yule Farisayo wa Luka 18:12 anasema anatoa zaka katika mapato yake yote.

Kuhusu petroli: mkulima wa Israeli aliacha mbegu na jasho shambani, lakini hatusomi popote kwamba alitoa kwanza gharama ya mbegu ndipo akahesabu kumi. Na ukirudi Nehemia 13:10 utaona Walawi wamekimbilia mashambani kwa kuwa hawakupewa sehemu zao. Siku mchungaji akikimbilia kulima mpunga Magu, nani atakuzika?

Mama Dagaa, Kirumba

Mimi nanunua dagaa hapa soko la Mwaloni, natoa, na sitaki kuulizwa na mtu nimetoa kabla au baada. Ila nina swali kwa Mtumishi. Hiyo Kumbukumbu 14 endelea hadi 28 na 29. Kila mwaka wa tatu zaka inawekwa malangoni, wale Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Mimi ni mjane, mwaka wa nane huu. Mwaka wa tatu unafikaga lini?

Kijana wa Ukerewe

Shikamoo mama. Swali lako zito, ngoja wakubwa wajibu.

Mwenye Mtumbwi, soma tena Kumbukumbu 14:22 kwenye Biblia ya Union Version: "maongeo yote ya mbegu zako". Maongeo, yaani kilichoongezeka. Mbegu iliyorudi ghalani siyo ongezeko, na petroli yako ni mbegu. Halafu Ibrahimu mwenyewe alitoa posho ya vijana, Mwanzo 14:24, "walivyokula vijana".

Mtumishi, Nyasaka

Posho ile aliitoa kwenye mali aliyokuwa anamrudishia mfalme wa Sodoma. Zaka alishatoa mstari wa 20. Soma kwa utaratibu, kijana. Na maongeo hapo ni mavuno yanayotoka shambani, siyo faida ya mahesabu ya dukani.

Mama, la mwaka wa tatu sina jibu zuri. Kanisani kwetu kuna kapu la wajane, lakini ni sadaka nyingine, siyo zaka.

Mwenye Mtumbwi, Igombe

Nashukuru. Maongeo sikuwa nimeyaona, na Mtumishi pia amenikamata kwa Ibrahimu, maana samaki nao ni kama nyara. Nimekumbuka hata Zebedayo alikuwa na chombo na watu wa mshahara, Marko 1:20. Tajiri kabisa wa mwaloni.

Ila leo asubuhi tukigawana, baharia wangu mmoja, ambaye naye anasali kwetu, kaniuliza: ile 50,000 yake aitolee fungu la kumi kabla ya kulipa deni la tajiri, au baada? Nimemwambia nitamjibu kesho.

Tajiri anayemdai ni mimi.