Kiwanja cha watoto Lamu kimejazwa vyuma vya kutu, na mafundi wetu wapo

Ndugu wanajamvi,

Naandika nikiwa na hasira, wala sitaificha. Kiwanja cha watoto kilichojengwa mtaani kwetu kimewekewa mtelezo wa bati na bembea za minyororo zilizochaguliwa kwenye katalogi, zikashushwa gatini na kufungwa kwa bolti bila fundi hata mmoja wa hapa kuulizwa. Upepo wa chumvi umekwisha kuvila vyuma hivyo. Rangi imebambuka kwenye ngazi, kutu inawachafua watoto kanzu, na ikifika saa sita mchana bati lile huchoma mapaja. Tulipolalamika, afisa mhusika alitujibu kuwa watoto wamepata pa kuchezea, basi tushukuru.

Kiwanja cha watoto chaweza kuwa kazi ya sanaa, na cha namna hiyo ndicho tunachokitaka hapa. Mwaka 1933 mchongaji Isamu Noguchi alibuni mlima wa kuchezea kwa ajili ya New York, ardhi yenyewe ikiwa ndiyo sanamu ya kupandwa na kuteremkwa, na Robert Moses, aliyesimamia bustani za jiji, akaukataa. Zaidi ya miaka 40 ilipita kabla ya Noguchi kukamilisha kiwanja chake Marekani, kule Atlanta mwaka 1976. Amsterdam haikungoja hivyo: kuanzia 1947 msanifu majengo Aldo van Eyck alijenga mamia ya viwanja vidogo kwenye mapengo baina ya nyumba, kwa mashimo ya mchanga yenye kingo za zege, mawe ya mviringo ya kurukia na matao mepesi ya kupanda. Sanaa ile haikuwekewa uzio wa kumzuia mtoto, kwa sababu bila mtoto juu yake haijakamilika.

Wako watakaosema kwamba sanamu hazifai katika mji wa Kiislamu. Nawaomba watazame vizuri, kwa kuwa maumbo hayo hayana uso wala kiwiliwili. Ni duara, tao, ngazi na kilima, na wachongaji wetu wa milango wamepamba mji huu kwa maua na mistari karne nyingi bila kuchonga kiumbe.

Linaloniuma zaidi ni hili. Mji wa kale umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, na mwenye nyumba akigusa ukuta wa mbele huulizwa habari za chokaa, boriti na umbo la dirisha, lakini kiwanja cha watoto kiliachwa kama jambo lisilohusu ujenzi. Waashi wanaojua kulainisha chokaa juu ya jiwe la matumbawe mpaka baraza ikateleza wapo, na mafundi wa majahazi wa Matondoni, wanaopinda ubao bila kuupasua, wapo pia.

Tunataka vyuma hivyo ving'olewe kabla mtoto hajakatwa mguu, na michoro ya kiwanja kipya ibandikwe uwanjani Mkunguni, mbele ya ngome, wazazi na mafundi waione na kuikosoa kabla ya shilingi moja kutolewa.