Mbona meli za makontena zinakwenda Nhava Sheva, si Mumbai?

msomi_wa_shehena: Wakuu, naandika kazi ya chuo kuhusu bandari za India. Kwenye ratiba naona Nhava Sheva kila mahali, Mumbai yenyewe kwa nadra. Bandari kongwe imekosa nini?

baharia_wa_zamani: Nafasi, ndugu yangu. Mumbai imebanwa na jiji. Lori likitoka getini linaingia kwenye foleni. Ndiyo wakajenga ng'ambo ya ghuba, Nhava Sheva ikaanza kazi 1989. Nimefika pale nikiwa melini na naipenda kwa dhati. Chuma cha kreni kinatua juu ya kontena, kinashika pembe zote nne, kinabana, mzigo huo hewani, na chini lori la pili limeshasogea. Reli nayo inaingia hadi ndani. Udhaifu wake ni kina: tope hurudi, mkondo lazima uchimbwe tena na tena. Kwa hiyo fuatilia Vadhavan, bandari mpya inayojengwa wilaya ya Palghar, kaskazini mwa Mumbai. Jiwe la msingi liliwekwa 2024, na kina cha asili ni kama mita 20.

mama_forodha: Usiisahau Mundra ya Gujarat, ya kampuni ya Adani. Mwaka wa fedha 2024-25 ilipitisha zaidi ya tani milioni 200.

msomi_wa_shehena: Asanteni sana. Wenyeji wa Vadhavan wanasemaje?

baharia_wa_zamani: Wavuvi wamepinga kwa miaka mingi, wanahofia maeneo yao ya kuvua. Kazi yako iwape sura nzima, tafadhali.