Naenda Guangzhou mara ya kwanza, simu niiandaeje?

MamaMapazia: Habari zenu wadau. Mwezi wa kumi naenda Guangzhou kuangalia mzigo wa mapazia. Nasikia WhatsApp kule haishiki na watu hawashiki noti tena. Simu yangu ni Android ya kawaida, Kichina sijui hata neno. Niweke programu gani?

Mdau_Kariakoo: Karibu sana dada. Kila kitu kiweke ukiwa bado Dar, tafadhali. Ukishatua Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou, Play Store haifunguki kwa intaneti ya kule, na Google yote vilevile.

Anza na Alipay, programu ya Kichina ya kulipia kwa simu. Jisajili kwa namba yako ya Tanzania, weka pasipoti, unganisha kadi ya Visa au Mastercard. Kisha nenda benki wakufungulie kadi kwa malipo ya nje na ya mtandaoni; wengi wanakwama hapo, si kwenye Alipay. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayana makato ya ziada, yakizidi wanakata asilimia 3. Kwa hiyo ni ya chakula, metro na teksi (DiDi imo humohumo ndani), usilipie mzigo. WeChat, programu yao ya kuchati, nayo ni lazima, wenye viwanda wote wako huko, na ukibonyeza ujumbe kwa muda inakutafsiria. Ila kujisajili wakati mwingine inataka mtu mwenye akaunti ya zamani akuthibitishe, basi usingoje wiki ya safari.

Ramani tumia Amap, ina Kiingereza. Google Maps kule hata ukiipata inakuweka pembeni ya barabara uliyopo.

MamaMapazia: Asante sana kaka. Na watoto nitaongea nao vipi?

Mdau_Kariakoo: Washa roming ya laini yako, au nunua eSIM (laini ya kupakua, haina kadi) ya nje ya China kama simu yako inaikubali. Intaneti yake inapitia nje, WhatsApp inafanya kazi kama kawaida. Ukitegemea Wi-Fi ya hoteli, hutawapata. Bei ya bando la roming iulizie kabla.

BintiWaTanga: Nyongeza dada: kama utaruka kwenda Yiwu, mji mwingine wa mzigo, angalia pawabenki yako. Tangu 28 Juni 2025 ndege za ndani za China hazipokei isiyo na alama ya 3C (alama ya usalama ya China), wanakunyang'anya pale pale kwenye ukaguzi. Na hoteli weka nafasi mapema, Oktoba ni Canton Fair, maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, bei zinapanda. Jina na anwani yake vipige picha kwa maandishi ya Kichina, dereva umwonyeshe tu. Ukipenda vyakula vya halali, tafuta chumba karibu na mtaa wa Xiaobei, hapo hapo Guangzhou.