Naomba ushauri: mvuvi wangu aokolewe na dua au na hadithi?

Binti Mkomani

Assalaam aleikum ndugu zangu. Niko Lamu, naandika riwaya, huu mwaka wa tatu. Mzee na mjukuu wake wa miaka 9 wametoka Kizingitini kuvua, mlingoti ukavunjika, kaskazi ikawachukua siku 12 hadi pwani ya Usomali. Wana kopo la kufulia maji yanayoingia chomboni na tanga lililochanika la kukingia mvua, basi. Mchana mzee husoma dua ya Nabii Yunus, macho kwenye Jaa, ile nyota ya kaskazini, usiku ukiingia ili asipoteze kibla. Kisha humtolea mtoto hadithi, na kila usiku huikata kabla haijaisha. "Kesho, inshallah." Mtoto anaishi ili aifikie hiyo kesho.

Nilimsomea mjomba sura hizo. Alinyamaza kitambo, akasema: "Mwenye kuokoa ni Mwenyezi Mungu. Wewe umempa paukwa fungu Lake." Neno hilo limenikaa moyoni, maana yeye ndiye aliyenisomesha Juzuu Amma. Nikapunguza hadithi, riwaya ikawa mawaidha. Nikapunguza dua, mzee akawa mgeni, si mtu wa visiwa hivi. Nifanyeje?

Msomaji wa Malindi

Usipunguze chochote. Ila kuikata hadithi kila usiku ni mbinu ya Shahrazad wa Alfu Lela Ulela, na msomaji ataitambua papo hapo. Tofauti ni kwamba Shahrazad alikuwa na upanga juu ya shingo yake mwenyewe, na mzee wako anapigania roho ya mtoto. Hapo ndipo pako, chimba hapo.

Ustadh wa Langoni

Mjomba wako amesema kweli, na wewe hujakosa. Fungua Surat Yusuf, aya ya 3: Mwenyezi Mungu anamwambia Mtume Wake kwamba anamsimulia simulizi iliyo nzuri kuliko zote. Na hiyo dua ya Nabii Yunus, Surat Anbiyaa aya ya 87, imetufikia ikiwa ndani ya kisa. Mzee akiisoma bila kumwambia mtoto ni nani aliyeisoma, na katika giza gani, amempa nusu.

Kwa hiyo mwache mtoto aulize: samaki alimtapika wapi? Jibu liko Surat Saffat: ufukweni patupu, naye mgonjwa, kisha Mola akamwoteshea mmea wa jamii ya mmung'unye. Mtoto aliyebabuka ngozi kwa jua atakitaka kivuli cha mmea huo kuliko chakula. Kaa hapo kurasa nyingi utakavyo.

Nahodha Mstaafu

Mwanangu, mimi ni mtu wa chombo. Kwanza upepo. Kaskazi ingewashusha huku Malindi na Kilifi. Wa kuwapandisha Usomali ni kusi, na mkondo wa maji nao majira hayo unapanda. Waondoe mwisho wa Aprili, kusi inaanza kushika na wavuvi hawajapandisha vyombo.

Pili, Jaa. Lamu tuko kama nyuzi 2 kusini mwa ikweta, nyota hiyo haionekani. Makka kwetu ni kaskazini, karibu kunyooka, kwa hiyo asubuhi jua likichomoza mkono wa kulia kibla anakijua. Lakini wakishaipita Kismayu na ikweta, wakapanda nyuzi chache, Jaa huanza kujitokeza chini kabisa, pale bahari inapokutana na mbingu. Mpe mzee usiku huo. Aione nyota aliyotajiwa na babake aliyekuwa akisafiri Uarabuni, ajue wamefika mbali kiasi gani, na asimwambie mtoto.

Tatu, hiyo paukwa. Zamu ya usiku, wa omo, mbele, na wa tezi, nyuma, huitana. Unaita, ukijibiwa unajua mwenzio hajaanguka majini. Nimeitana hivyo miaka mingi. Mzee hasemi "Paukwa" kwa ajili ya hadithi tu. Anasikiliza kama "Pakawa" itarudi.

Binti Mkomani

Nahodha, shikamoo. Nimelia niliposoma hapo mwisho. Ustadh, Allah akulipe, na Malindi pia.

Nimeanza upya sura ya usiku wa 10. Jaa imeshaonekana. Mzee anaita "Paukwa!" na hakuna jibu. Anaita tena. Kimya. Anaanza dua ya Nabii Yunus kwa sauti ya chini, inamkatika kooni katikati, na kutoka chini ya tanga sauti nyembamba inaimalizia. Ijumaa baada ya laasiri nitamsomea mjomba.

Nahodha Mstaafu

Marahaba. Akishajibu, mzee asimpe kopo la maji. Alowanishe kitambaa amguse midomo kwanza, itakuwa imegandana.