Modeli za ndege: 1/72 au 1/48? Na gundi ipi?

Isevya_TBR: Wakuu, salaam. Nimemaliza ndege yangu ya kwanza ya plastiki, sasa nataka kuagiza Spitfire, ile ndege ya kivita ya Waingereza. Ipo ya skeli 1/72 (yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi) na ya 1/48, bei zimepishana mno. Ile ya kwanza ina madoa ya supa gluu kwenye mabawa, kioo cha rubani kimeingia ukungu mweupe, na inakalia mkia wakati gurudumu lake liko mbele. Nichukue ipi?

FundiMsasa: Hongera kwa kuimaliza mkuu, wengi huziacha kwenye boksi. Spitfire halisi ina mita 11.2 hivi kutoka ncha ya bawa hadi ncha. Kwa 1/72 ni sentimita 15 na nusu, kwa 1/48 ni 23 na ushee. Chukua 1/72. Ukikosea hasara ni ndogo, unaagiza nyingine.

Bangwe_KGM: Hapo sikubaliani nawe, FundiMsasa. Vipande vya 1/72 vinamtesa anayeanza, chumba cha rubani hata kukipaka rangi ni shida. Fedha ikiwepo, 1/48.

Dada_wa_Ujiji: Mnabishana skeli, kaka zangu, wakati kinachomsumbua ni gundi! Supa gluu inashika juu juu tu, na mvuke wake ndio ulioleta ukungu kwenye kioo. Gundi ya plastiki inayeyusha kingo mbili zikawa kitu kimoja. Paka kidogo sana, ikizidi inakula umbo. Kioo kibandike kwa gundi nyeupe ya mbao, ikikauka inakuwa angavu. Mianya ijaze puti, ikauke kabisa, ndipo upige msasa wa maji, anza na namba 400 umalizie na 1000. Na tafadhali, tina ya rangi za magari usiiguse kwenye plastiki, inaitafuna.

Kukalia mkia dawa yake ni uzito puani, uweke kabla hujafunga mwili. Huku kwetu tunatumia vipande vya risasi vya nyavu za wavuvi, ukimaliza nawa mikono. Spitfire haihitaji, gurudumu lake dogo liko mkiani.

Bangwe_KGM: Kwa gundi nakubali yote. Ukishazoea, tafuta Short 827, ndege ya majini waliyotumia Wabelgiji kushambulia Kigoma mwaka 1916, wakiiwinda meli ya Wajerumani Graf von Götzen, MV Liemba yetu ya leo. Ina mabawa ya ghorofa na nyaya tele, kwa hiyo isiwe ya pili.

Isevya_TBR: Asanteni sana. Nachukua 1/72 na gundi ya plastiki. Ila kiangazi hiki vumbi la Tabora linanasa kwenye rangi mbichi. Rangi ya maji au ya mafuta?

FundiMsasa: Ya maji. Inakauka ndani ya dakika chache, ya mafuta inaweza kumaliza siku nzima. Ukishapaka, ifunike kwa beseni safi.